Binti Anakua, Sketi Haikui

Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya nguo za mabinti wetu wa miaka 9 hadi 12, wale walio kati ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Najua wengine mtasema: nguo ni shauri la wazazi na Baba Paroko, muuguzi anahusikaje? Nitawaeleza nilivyohusika.

Asubuhi moja mama alimleta binti yake wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la tano. "Sista," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyu mtoto ana uvimbe ziwani. Baba yake anasema kuna mtu amemchezea, na mwenyewe hataki kusema." Binti aliinamisha kichwa. Nilipomwomba avue blauzi nikaona amefungwa kifuani kwa kipande cha kanga kuukuu, kimekazwa mpaka kimeacha alama mbavuni. Bibi yake ndiye aliyemfunga, ili ziwa lisikue kabla ya wakati. Chini ya sketi ya shule alikuwa na taiti mbili za nailoni, moja juu ya nyingine, anazovaa tangu alfajiri hadi kulala. Mapajani, kuelekea kinenani, ngozi ilikuwa na mabaka yenye kingo, yanayowasha. Na sketi yenyewe ilikuwa imepanda juu ya magoti. Juma lililotangulia alikuwa amechapwa nyumbani kwa sababu ya kuifupisha.

Mtoto huyu alikuwa na mashtaka mawili, na yote mawili hayakuwa ya kweli. Uvimbe ule ulikuwa ni ziwa linaloanza kuota. Sketi haikufupishwa na mtu, bali mwenye sketi alikuwa amerefuka. Na yale mabaka yalikuwa ni fangasi, iliyopata nafasi kwa ajili ya taiti alizovalishwa ili aonekane ana heshima.

Tuanze na kifua, maana hapo ndipo wazazi wengi hushtuka. Matiti ya msichana huanza kuota kati ya miaka 8 na 13. Huanza kama kitufe kigumu chini ya chuchu, pengine kikubwa kama punje ya harage, nacho huuma kikiguswa au kikigongwa. Mara nyingi huanza upande mmoja, na upande wa pili hufuata baada ya miezi kadhaa. Hiyo si dalili ya kansa, wala si dalili kwamba mtoto ameguswa na mwanamume. Ziwa haliamshwi na mkono wa mtu. Linaamshwa na vichocheo vinavyotoka katika ubongo na katika vifuko vya mayai ya msichana, na saa yake ikifika hakuna wa kuizuia. Binti anayelelewa ndani ya nyumba ya masista ataota matiti, na yule anayeuza karanga stendi ataota vile vile.

Nawasihi sana: kitufe hicho kisichanjwe, kisikandwe kwa vitu vya moto, wala kisikatwe kwa kudhani ni uvimbe. Ndani yake ndimo lilimo ziwa lote la baadaye. Ukikiharibu, binti atakua upande mmoja ukiwa bapa, na hakuna dawa ya kulirudisha. Kumfunga kitambaa nako hakuzuii kitu. Kunampa maumivu, joto na vipele, na kunamfundisha kuuonea haya mwili wake. Mleteni hospitali kama matiti yameanza kabla ya kutimiza miaka 8, kama yamekuwa mekundu, ya moto au yanatoa usaha, au kama ametimiza miaka 13 na bado hakuna kitu.

Sasa hiyo nguo ya juu ya kifua. Mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza anahitaji singilendi au fulana laini ya pamba ndani ya blauzi, basi. Blauzi nyeupe za shule zinazouzwa siku hizi nyingi ni za polista nyepesi, zinaonyesha kila kitu jua likipiga, na wavulana wa darasani si malaika. Binti anayekumbatia daftari kifuani wakati wote, au asiyetaka tena kukimbia mchakamchaka, pengine anakuambia kwa namna yake kwamba anahitaji nguo ya ndani. Sidiria aanze lini? Hakuna umri uliowekwa. Aanze pale matiti yanapotikisika na kumsumbua anapokimbia, au pale mwenyewe anapoomba. Haiharakishi matiti, haiyazuii, na haileti kansa. Iwe ya pamba, isiyo na waya wala sponji. Mkanda wake ukae vizuri kiasi kwamba vidole viwili vinapita chini yake, na akivua jioni kusiwe na mifereji begani. Sidiria zenye sponji nene za kumfanya mtoto wa miaka 10 aonekane mama wa watu, mimi sioni faida yake hata kidogo. Mtoto avae kitoto.

Tuje kwenye sketi. Kabla ya kuvunja ungo, binti hupita katika kipindi cha kurefuka kwa kasi. Katika mwaka mmoja wa kipindi hicho anaweza kuongeza sentimita 8 au zaidi. Akishavunja ungo, mwendo huo hupungua, na wengi huongeza sentimita chache tu baada ya hapo. Kwa hiyo sketi iliyofunika magoti mwezi Januari inaweza kuwa juu ya magoti mwezi Septemba bila mkasi wowote kuigusa. Kabla ya kumwuliza mtoto kwa nini amefupisha sketi, mpime. Msimamishe ukutani, weka alama kwa kalamu, andika tarehe, rudia baada ya miezi mitatu. Wakati huo huo nyonga zinapanuka, ndiyo maana sketi ile ile inabana nyuma na kupanda zaidi anapokaa.

Dawa yake iko kwa fundi cherehani. Mwambieni aache pindo la sentimita 8 hadi 10 kwa ndani, na akiba ya kama sentimita 2 kila ubavu, na kiunoni atie mpira. Msimameni pale anapokata, maana wako mafundi ambao kitambaa kinachobaki hugeuka kuwa chao. Pindo likishushwa litaonyesha mstari uliopauka. Bandikeni utepe wa rangi ya bluu juu yake, hakuna atakayejali. Viatu pia mviangalie, kwa sababu miguu hurefuka mapema kuliko mwili, na mtoto asiyekuwa na neno la kusema kwa baba yake atavivaa hadi kucha ziingie nyamani.

Nguo ya ndani ndiyo isiyoonekana, kwa hiyo ndiyo isiyonunuliwa. Nimewapokea mabinti waliovaa gauni la sikukuu la gharama, na ndani chupi moja iliyochakaa, inayofuliwa usiku na kuvaliwa asubuhi ikiwa mbichi. Heri gauni moja na chupi tano. Ziwe za pamba, zisibane mapajani, zibadilishwe kila siku. Zianikwe nje juani. Najua kwetu ni aibu kuanika nguo ya ndani mbele ya wageni, hivyo mabinti huzificha chini ya godoro au nyuma ya mlango, na huko hazikauki. Tandazeni kanga nyepesi juu yake, jua na upepo vitapita. Zisianikwe chini kwenye nyasi wala mchanga, maana katika sehemu nyingi za nchi yetu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na buu wake huingia ndani ya ngozi na kufanya jipu. Pasi ya moto, hasa kwenye mapindo na mishono, huua mayai hayo.

Jambo lingine linalowaletea mabinti vipigo bure ni ute. Miezi 6 hadi 12 kabla ya kuvunja ungo, msichana huanza kutokwa na ute mweupe au usio na rangi, usionuka, unaoacha doa la manjano kidogo kwenye chupi likikauka. Mama anayefua huliona, na mara anaanza kumhoji mtoto amelala na nani. Mama, huo ni mwili unaojiandaa. Ukiuona, ndio wakati wa kukaa naye jikoni na kumweleza hedhi ni nini na vitambaa au pedi hutumiwaje, kabla damu haijamkuta darasani. Kwa kawaida hedhi ya kwanza huja miaka miwili hivi, au miwili na nusu, baada ya matiti kuanza, kwa hiyo mna muda wa kutosha. Ute ukiwa na harufu mbaya, ukiwa wa kijani, ukiwasha au ukichanganyika na damu wakati matiti bado hayajaanza, huo ni ugonjwa au ni dalili ya jambo lingine, na aletwe hospitali.

Kuhusu taiti, siwalaumu akina mama. Mabinti wanazivaa kwa sababu wanacheza, wanapanda miti, na kuna wavulana wanaoinua sketi za watu. Lakini nailoni haipitishi hewa wala hainyonyi jasho. Ukiivaa kwa saa kumi na mbili katika joto, kinena kinakuwa kama kibanda cha uyoga. Mwambie fundi atumie mabaki ya kitenge cha pamba kushona kaptula pana ya kuvaa chini ya sketi, mbili au tatu, za kubadilisha. Yule binti tulimpa dawa ya kupaka ya klotrimazoli, apake mara mbili kwa siku katika ngozi iliyokaushwa vizuri, na asiache upesi kwa sababu tu kuwashwa kumekoma. Krimu za kuchubua ngozi, ambazo wengine huzipaka kwenye kila kinachowasha, hutuliza kwa siku chache huku fangasi ikienea chini kwa chini.

Mitumba je? Wengi wetu tunavaa mitumba, nami pia, na mara nyingi ni pamba nzuri kuliko ya dukani. Kuna wanaoogopa kwamba robota huja na upele kutoka Ulaya. Kidudu cha upele hakiishi zaidi ya siku mbili tatu nje ya mwili wa mtu, na robota husafiri majuma mengi. Upele mnaupata kwa kulala kitanda kimoja na mwenye upele na kuvaa nguo zake. Fangasi ndiyo inayoweza kudumu kwenye nguo, kwa hiyo ifueni kwa sabuni na maji ya moto, ianikwe juani, ipigwe pasi, kabla mtoto hajaijaribu mara ya pili. Chupi na sidiria za mitumba msinunue. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limekataza nguo za ndani za mitumba, ingawa sokoni bado mtaziona zimening'inia.

Neno moja juu ya gauni la Komunyo. Linakuwa la saitini na neti ya nailoni, pana, limejaa maua. Kanisani ni zuri. Tatizo ni pale mtoto anaporudi nyumbani nalo na kutumwa kuchochea moto au kushika koroboi. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na kidonda chake huenda chini sana. Avue gauni kwanza, ndipo aingie jikoni. Ikitokea nguo imeshika moto, alale chini na kubingirishwa, kisha mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msivute kilichonata. Msipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Mfunikeni kwa kanga safi mje.

Sasa ni nani aamue? Katika nyumba nyingi mama ananunua, baba anakasirika, bibi anafunga kanga, na mtoto haulizwi. Nitawasimulia ya kwangu. Binti yangu alipokuwa na miaka 12 alipewa na rafiki yake blauzi fupi ya njano, iliyoacha tumbo wazi. Nilitoka zamu ya usiku nimechoka, nikamkuta nayo, nikaivua mwenyewe na kuitupa kwenye mafiga. Sikumpiga. Nilidhani nimefanya jambo dogo. Miezi miwili hakunisemesha ila kwa salamu. Katika miezi hiyo alivunja ungo, na aliyemfundisha kukunja kitambaa alikuwa mpangaji wetu. Mimi muuguzi, niliyefundisha mamia ya wasichana wa watu, nikaambiwa habari hizo kisimani. Blauzi ile haikumfaa, msimamo wangu haujabadilika. Lakini ningeweza kusema hapana bila moto.

Tangu hapo nimewashauri wazazi waende na binti sokoni. Mzazi aweke mpaka: nguo hizi ndizo tunazoweza kuzilipa, na za kuacha tumbo au mapaja wazi hatununui. Ndani ya mpaka huo binti achague rangi na mtindo. Kisha ajaribu nguo kwa matendo manne: ainame, achuchumae, anyooshe mikono juu kama anayeandika ubaoni, atembee haraka hatua kumi. Ikiwa katika yote hayo hakulazimika kuivuta wala kuishikilia, nguo inamfaa, iwe gauni au suruali. Suruali pana ya mtoto anayepanda baiskeli ina stara kuliko sketi, hata kama wazee wengine hawapendi kusikia hivyo. Na akijaribu mwenyewe, mara nyingi atairudisha ile inayobana kabla hujafungua mdomo. Akina baba, nanyi semeni neno siku amependeza, si siku mnayokasirika tu.

Nimefika mahali pagumu. Wazazi wengi wanabishana na binti juu ya nguo kwa sababu wanaogopa asije akaharibiwa. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini katika miaka yangu ya kazi nimewapokea watoto walioingiliwa wakiwa katika sare ya shule, katika gauni la kufika vifundoni, na wengine wakiwa bado wanafungwa nepi. Aliyefanya hivyo mara nyingi alikuwa mtu anayejulikana nyumbani: mjomba, jirani, mwalimu wa jioni. Hakuna urefu wa sketi uliowalinda, na hakuna hata mmoja aliyekosa kwa sababu ya alichovaa. Kinachomlinda mtoto ni kuweza kukuambia siku ya kwanza mtu anapomshika asipopenda. Akijua kwamba swali lako la kwanza litakuwa "ulikuwa umevaa nini?", hatakuambia kamwe.

Likitokea, Mungu apishe mbali, msimwogeshe na msifue zile nguo. Ziwekeni katika mfuko wa karatasi au wa kitambaa, si wa nailoni, kwa sababu katika nailoni hushika unyevu na ushahidi huharibika. Mleteni hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike. Kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Msikae njiani mkingojea fomu ya polisi ya PF3, njooni, fomu itafuata. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya kusaidia watoto ni namba 116, haina malipo. Kumalizana kwa mbuzi na pombe msikubali. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imewekwa wazi kwamba kwa mtoto hakuna kisingizio cha "alikubali".

Kwa yule binti wa darasa la tano, nilimwuliza peke yake, taratibu, mama akiwa nje. Hakuna aliyemgusa. Nilimwita mama, nikamwonyesha kile kitufe na kumweleza, nikaikunjua ile kanga na kumkabidhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema hata yeye aliwahi kufungwa hivyo hivyo.

Walirudi baada ya majuma matatu. Mabaka yalikuwa yamekauka, na sketi ilikuwa imeshushwa pindo, bluu ya chini ikiwa imekoza kuliko ya juu. Safari hii baba alikuja pia. Alikaa nje chini ya mwarobaini, kofia mkononi, na nilipopita kwenda wodini akanifuata hatua chache. "Shikamoo Sista," akasema, akiangalia pembeni, "hizo singilendi za pamba mnazosema, zinauzwa wapi?" Nikamwambia gulioni, siku ya Jumamosi, na aende na binti mwenyewe.